Gauni la Mtaa wa Machicha

Nchi yetu ina raha nyingi, lakini iliyo kubwa ni hii: serikali yetu huona aibu kwa niaba yetu, ili sisi tupate nafasi ya kufanya kazi nyingine.

Mambo yalianza hivi. Mtukufu Kiongozi alikwenda nchi za watu kwenye mkutano wa wakubwa. Mwenyeji wake, katika kumchangamkia, akamwonyesha picha ya gazeti: wananchi wetu wamejipanga barabarani wanampungia Mtukufu siku ya safari. Mwenyeji akaweka kidole kwenye picha akasema, "Huyu bwana wa mbele amevaa fulana yangu. Naijua kwa hilo doa la rangi, nilikuwa napaka uzio." Wanasema Mtukufu aliumia sana. Hakutia kitu mdomoni mpaka chakula cha jioni.

Aliporudi alihutubia taifa saa nne mfululizo. "Kuanzia leo," alisema redioni, "hakuna mwananchi wangu atakayevaa jasho la mgeni." Mtaa mzima tukapiga makofi. Mimi nilipiga makofi nikiwa ndani ya jasho la mgeni la rangi ya zambarau, vifungo vyote vipo, nililolipata kwa bei ya mafungu mawili ya dagaa.

Ikaundwa Wizara ya Staha ya Mwili, yenye jengo na magari. Sheria waliyoitunga ilikuwa ya huruma, nisiwasingizie. Nyumbani kwako vaa upendavyo, hata kiroba cha saruji, maana sisi ni nchi huru. Ila ukitaka huduma ya serikali, iwe cheti cha kuzaliwa au kibali cha kuzika, sharti ufike na nguo mpya ya Duka la Taifa, yenye namba iliyofumwa kifuani. Na ili maofisa wasipendelee watu kwa sura, madirisha ya ofisi zote yalizibwa juu na chini, likaachwa tundu la kuanzia mabegani mpaka magotini. Ofisa haoni uso. Anaona nguo, anasoma namba, anaandika. Wakaliita Dirisha la Haki.

Gauni la Duka la Taifa lilikuwa na bei ya mbuzi watatu, na mbuzi wenyewe wawe na mimba.

* * *

Nyumbani tulikuwa watatu: mimi, mkwe wangu Mwasiti, na mjukuu wangu Sikitu wa miaka kumi na minne. Mwanangu, baba yake Sikitu, yuko machimboni, anatuma salamu. Mwasiti alikuwa anakaanga maandazi, na pesa ya maandazi ilikuwa inajua njia zake yenyewe: unga, mafuta, kodi ya chumba, madaftari. Nguo ilifika mwisho, na ilifika Jumatano, siku ambayo Kaombwe muuza mitumba alikuwa anafungua belo.

Nguo hainunuliwi kwa macho, maana macho yanapenda maua. Unaanza na kwapa, unalisugua kwa kidole, kama limekauka kama karatasi unaiacha. Halafu unavuta mshono. Halafu suruali unaiinua juani uone kama makalio yanapitisha mwanga. Nimefanya hivyo miaka arobaini na sijawahi kuvaa nguo iliyonitia haya.

Mwasiti lakini ilimuuma. Mama mzima, mchapa kazi, ukimwambia neno mtumba anaangalia mlangoni.

"Mama, watu wakiuliza, usiseme Kaombwe. Sema imeletwa na wifi yangu wa ng'ambo."

"Wifi yako yupi, na mimi nimezaa mmoja?"

"Sema tu, Mama."

Nikasema. Mtaa wetu wa Machicha ulikuwa na mawifi wa ng'ambo kama arobaini, na wote walikuwa wanatuma mizigo Jumatano.

Basi sheria ilipokuja, wale wenye mawifi na sisi tusio nao tukawa kitu kimoja. Mtoto amezaliwa hana cheti. Mzee amekufa, yuko ndani, kibali hakuna. Jirani yangu Bi Tausi, mjane wa karani wa reli, mdomo wake mkali lakini akili anayo, ndiye aliyesema, "Harusi zetu tunaendaje? Si tunaazimana? Gauni moja linaolewa mitaa mitatu. Na hili la serikali tuazimane."

Tukachanga kama tunavyochanga harusi. Tukanunua gauni moja, rangi ya chai ya maziwa, namba 812. Tulichukua kipimo cha Mama Shangwe muuza mkaa, aliye mpana kuliko wote, kwa hoja kwamba nguo kubwa inabanwa kwa pini, ndogo haina dawa. Nikapewa mimi nilitunze, kwa kuwa sina haraka. Masharti yakawa matatu: usile samaki ukiwa ndani yake, usikae bila kutandika kanga, ukifiwa, usilie mpaka utoke ofisini na ulivue.

Wanaume nao walipata suruali yao na shati lake, lakini hiyo ilikuwa na ugomvi kila siku, siizungumzii.

* * *

Ofisi ya wilaya ilikuwa na Mtambuzi wa Nguo Daraja la Pili, jina lake Ngwesa, mtu mpole. Alimwandikia 812 faili, akaandika kila kilichompata. Mwaka ule 812 alijifungua mara saba, akafiwa na waume watatu, akaolewa na wawili, akaachika mara moja, akasajili biashara ya mkaa, na kila mwezi akaja kuchukua mafao ya reli. Hakuna ofisini aliyeshtuka. Siku moja tu Ngwesa alimwambia Mama Shangwe kupitia lile tundu, "Pole sana 812. Mwaka huu umekuandama."

"Tumezoea, baba," Mama Shangwe akajibu, akaondoka na kibali chake cha mkaa.

Tukaishi. Naweza kusema tuliishi vizuri.

Halafu majina ya waliofaulu yakabandikwa ukutani, na Sikitu alikuwamo. Alikuwa wa kwanza katika Mtaa wa Machicha kuchaguliwa kwenda Sekondari ya Wilaya. Mwasiti aliangusha sufuria. Tangazo chini yake lilisema mwanafunzi afike mwenyewe Dirisha la Haki kuchukua barua ndani ya siku kumi na nne. Asipofika, nafasi anapewa anayefuata, na haitoki tena.

Nikambana Sikitu gauni kwa pini kumi na mbili. Nikabeba matofali mawili, maana mabega yake hayakufika kwenye tundu. Akapanda. Mimi nikasimama pembeni ya ukuta na zambarau langu, nasikia kila kitu.

"Karibu 812. Leo nani amekufa?"

"Hakuna, shikamoo."

"Marahaba. Sauti imekuwa nyembamba. Ni kifua?"

"Nimekuja kuchukua barua ya kidato cha kwanza. Jina langu ni Sikitu—"

"Usinichanganye na majina, mama. Majina yanafanana, namba haifanani." Nikasikia akifungua faili, na faili lenyewe lilikuwa zito, lilitoa mlio wa mlango. Akapindua kurasa zake moja moja. "Mama wa watoto saba. Mjane mara tatu. Na bado unataka elimu. Mimi mke wangu nimemwambia akajifunze cherehani tu, anasema amechoka."

Muhuri ukapigwa. Barua ikatoka: Mwanafunzi 812 amepokelewa Sekondari ya Wilaya, miaka minne, ahudhurie bila kukosa.

Njiani Sikitu aliisoma mara tatu. "Bibi, hili si jina langu."

"Najua."

"Mwalimu akiita nitaitikaje?"

"Itika, mjukuu wangu. Jina utalitumia nyumbani, tutakuwekea."

* * *

Jioni ile ile niliwaita wenye gauni. Mambo yalikuwa wazi, hata hayakuhitaji maelezo: anayetakiwa shuleni ni 812, Jumatatu mpaka Ijumaa, miaka minne. Sikitu akilichukua, mtaa hauna wa kwenda ofisini. Asipolichukua, nafasi imekwenda.

Mama Shangwe akaanza kuchora chini kwa kidole cha mguu.

"Kibali changu cha mkaa kinaisha mwezi ujao," akasema.

"Uza bila kibali," Bi Tausi akamwambia. "Mkaa wenyewe mweusi, nani ataona?"

"Na wewe mafao yako ya reli?"

"Mafao gani? Wananipa hela ya sabuni."

"Sabuni ya nini, Tausi, na wewe maji unayaogopa?"

Tukacheka. Bi Tausi hakucheka. Alimtazama Sikitu aliyekuwa amekaa mlangoni, barua ameilaza magotini kama mtoto mchanga. Akasema, "Mpe. Marehemu alinisomea magazeti miaka ishirini na sita, mimi sijui hata 'a'. Tangu afe sijui kinachoendelea duniani. Mpe, atakuja kunisomea."

Hakuna aliyempinga. Mama Shangwe akainuka, akatoa pini mbili kwenye kilemba chake, akanipa. "Kumi na mbili ni chache," akasema. "Atainama kwenye dawati."

Naandika haya ili ijulikane kwamba katika nchi yetu watu wa namna hiyo wapo, na hakuna sheria iliyowaagiza.

Sikitu alisoma wiki tatu. Kila siku alirudi na kitu: siku moja ramani, siku moja jambo linaloitwa x ambalo halijulikani ni nini mpaka ulitafute. Mwalimu aliita "812", yeye akaitika. Jioni alivua gauni, mimi nikalifuta kwa kitambaa chenye maji, yeye akaenda kwa Bi Tausi kumsomea gazeti la juzi. Mwasiti akaanza kuuza maandazi akiimba. Wakimuuliza fulana yake katoa wapi, anasema, "Kwa Kaombwe." Hivyo tu, bila kuangalia mlangoni.

* * *

Wakati huo huo Wizara ya Staha ilikuwa inatafuta Raia Bora, wa kutangazwa kwenye sikukuu ya kutimiza mwaka. Walipima mafaili yote ya nchi kwa mizani ya nyama, na faili la 812 likashinda. Hakuna mwananchi mwingine aliyezaa, akafiwa, akafanya biashara na kusoma kwa pamoja, tena katika nguo ile ile bila kuichafua.

Naibu Waziri alikuja mwenyewe Ijumaa asubuhi, na ngoma na turubai. Uwanja wa shule ulijaa. Sikitu alisimamishwa mbele, na pini zake kumi na nne. Sisi wa Machicha tulikaa nyuma ya kamba, pamoja na nguo zetu.

Naibu Waziri alikuwa mtu mfupi, mkono wa koti lake ulifunika vidole vyote, akawa anashika kipaza sauti kupitia kitambaa.

"Ndugu wananchi," akasema, "wapo waliodhani staha haiwezekani kwa mtu wa kipato cha chini. Mtazameni 812. Je, 812 alilia bei? Hakulia. Je, 812 alikwenda kuchakura belo? Hakwenda. Alijinyima akanunua kitu kimoja, kipya, cha nyumbani. Umaskini, ndugu zangu, ni tabia ya kununua vitu vya bei nafuu."

Tukapiga makofi. Ngwesa, aliyekaa na wakubwa, alikuwa anajifuta machozi.

"Sasa Wizara imejiuliza: tumpe nini mtu kama huyu? Pesa itamharibu. Tumeamua kumpa hifadhi. Wataalamu wanasema kila nguo inapovaliwa, upya wake unapungua. Taifa haliwezi kukaa na kutazama Raia Bora akichakaa. Kuanzia leo, 812 ni mali ya urithi wa nchi. Ataendelea na masomo yake kama kawaida, bila kuvaliwa."

Mkuu wa shule, Bi Anzeruni, akamshika Sikitu mkono, akaingia naye nyuma ya mlango wa darasa. Mwasiti akapenya chini ya kamba mbio, anafungua kanga yake kiunoni huku anakwenda. Walipotoka, mjukuu wangu alikuwa ndani ya kanga ya mama yake, na gauni lilikuwa juu ya mikono ya maaskari wawili, wanalibeba kama mgonjwa. Wakalikalisha kwenye kiti chake, dawati la pili karibu na dirisha. Ngoma zikapigwa.

Mimi si msemaji. Nilisoma mpaka darasa la tatu, na darasa lenyewe la tatu mwalimu alikuwa anaumwa. Lakini nikainuka, nikaenda mpaka kwa Naibu Waziri alipokuwa anakunywa soda, nikamwamkia kwa cheo chake, nikamwambia kila kitu. Nikamwambia 812 si mtu, ni gauni. Tulilichanga. Wanawake ishirini na tatu wameingia ndani yake na kutoka. Aliyefaulu ni mtoto huyu hapa wa kwenye kanga, jina lake Sikitu, ukutani limeandikwa. Nikamwambia niko tayari kufungwa, na akitaka vyeti vyote avifute, ila mtoto aachiwe kiti.

Nilitegemea atafoka. Akaweka soda chini, akanivuta pembeni ya turubai.

"Bibi," akasema polepole, "unauona mkono huu wa koti?"

"Nauona, baba. Mrefu."

"Ni wa Waziri. Leo ni zamu yangu. Saa tisa suti hii inatakiwa bungeni, na Waziri awe ndani yake. Kesho ina Katibu Mkuu."

Nikatazama chini. Suruali ilikuwa imekunjwa, imebanwa kwa pini. Kumi na mbili hivi. Halafu, kwa mazoea tu, mkono wangu ukapanda kwenye kwapa la koti, nikalisugua kwa kidole.

"Hili limetoka kwenye belo," nikasema.

"Belo la kwanza kabisa," akasema, kama anayejitetea. "Duka la Taifa halishoni suti. Halishoni kitu tangu mwezi wa pili. Wizara nzima tunajua, Bibi. Tunajua habari ya mitaa na magauni yenu. Unadhani tungepata wapi Raia Bora bila magauni? Lakini nikisema gauni lenu lina watu ndani, wataniuliza na suti. Nina watoto."

"Na mimi nina mjukuu."

"Ndiyo maana nakueleza taratibu, sikuitii askari." Akavuta mkono wa koti ukafunika vidole. "Mnunulieni gauni lake, lenye namba yake. Mwakani aombe upya."

"Umesema duka halishoni."

"Nimesema," akakubali. Akarudi kwenye soda yake.

* * *

Sasa ni miezi mitano tangu siku ile. Mwaka huu umri wa Sikitu wa kuomba upya umepita. Kuna sheria ya umri pia, nayo ni ya huruma. Bi Tausi hapati mafao, na gazeti hataki kusomewa tena, anasema habari zimemchosha. Kaombwe amefungwa mara mbili kwa kuuza jasho la mgeni, ametoka mara mbili. Siku hizi anauzia chumbani, na mlangoni ameandika Matambara ya Kufutia Magari.

812 anaendelea na shule. Katika mtihani wa muhula ameshika nafasi ya kumi na moja kati ya arobaini na nane. Mkuu wa shule ameandika kwenye ripoti: Mtulivu, hasumbui, hana utoro, karatasi zake ni safi kuliko za wote. Ripoti ililetwa kwetu kwa kuwa sisi ndio anwani yake. Sikitu aliisoma kwa sauti mpaka mwisho, akaikunja, akaiweka juu ya kabati.

Vumbi la chaki ndilo lililoleta habari nyingine. Bi Anzeruni alikuja mwenyewe nyumbani, akakaa kwenye mkeka, akanywa chai. Alisema shule inahitaji mtu wa kumpangusa 812 kila siku baada ya masomo, na kila Jumamosi kumfua na kumpiga pasi, mtu mwangalifu anayemfahamu. Kuingia darasani wakati wa kipindi hataruhusiwa, kwa sababu ya mavazi. Atasubiri nje, upande wa jikoni. Mshahara upo, si mkubwa.

"Mpaka lini?" Mwasiti akauliza.

"Mpaka amalize kidato cha nne."

Mwasiti akanitazama mimi. Mimi nikamtazama Sikitu. Sikitu akauliza, "Anafuliwa kwa maji ya moto au baridi?"

Jumatano nikaenda kwa Kaombwe kumtafutia vazi la kazi. Nikapata sketi ya kijani, nzito, mishono yake mizima, ndefu kidogo kwa sasa. Nimekaa nayo mlangoni naipindua chini, na pindo nimeliacha la vidole vinne, ili kila mwaka nimfungulie kidole kimoja.